Dumu

Maabara yetu ya Ibra ililetewa mashine mpya,
na mashine haijui uzima ni nini mpaka ionyeshwe.
Bi Shinuna akapita na daftari lake:
"Nataka watu wazima ishirini. Asiye na presha,
asiye na sukari, asiye na jambo."
Nikaandika jina langu, la tatu.

Masharti nayajua, mwaka wa tisa huu nawasomea wengine:
mkojo wa alfajiri ya kwanza umwage,
kisha kila tone liingie dumuni, mchana na usiku,
hadi alfajiri ya pili, na huo usiumwage.
Ile asidi iliyo chini si maji, iache.
Usile ndizi. Usinywe kahawa.
(Mwambie mtu wa Ibra asinywe kahawa, uone atakavyokutazama.)
Wakanipa madumu mawili ya kahawia, maana wapo wanaojaza.
Moja nikalificha kwenye friji nyuma ya maziwa ya mgando,
nimelivika mfuko mweusi,
Bi Zeyana asije akalitia kwenye achari akidhani siki.

Saa nane mchana Humud akapiga simu toka Haima,
lori limesheheni mabomba, anaelekea Salala.
"Mbele wanasema kuna ukungu," akacheka,
na kicheko kikakatika katikati.
Saa kumi na mbili, simu yake haipatikani.
Saa tatu usiku haipatikani kwa Kiarabu,
kisha haipatikani kwa Kiingereza,
yule mwanamke wa kwenye simu, sauti imenyooka kama rula.

Sikulia. Hilo liandikwe.
Nilipika wali. Nikakagua hesabu za mtoto.
Nikakunja kanzu zake, nikazikunjua, nikazikunja.
Mama mkwe akauliza toka sebuleni,
"Hujambo, mwanangu?"
"Sijambo."
Na kila baada ya muda nikaingia chooni na dumu langu
kama mtu anayekwenda kuweka akiba.

Saa tisa za usiku ikalia.
Barabara ilifungwa, ajali, si yake, chaji iliisha.
"Nimekuamsha?"
"Nilikuwa nimelala fofofo."

Alfajiri nikakaza kifuniko.
Lita moja na robo tatu.

Wiki ya pili Biju akaniita kwenye mashine.
Sisi humo hatuna majina, tuna namba.
"Tazama huyu namba tatu. Kotisoli imepita mpaka,
noradrenalini nayo imepita. Ana uvimbe huyu?"
"Hana."
"Umejuaje?"
Nikasema feni ya mashine ina kelele, isafishwe.

Ulimi wangu ulifunzwa adabu tangu utotoni;
figo hazikwenda chuoni.
Ulimi uliitikia sijambo, sijambo, usiku kucha,
na zenyewe ziliketi gizani zikiandika jambo,
saa kwa saa, bila kuruka mstari.

Bi Shinuna akaleta kalamu nyekundu.
"Huyu atatuharibia wastani."
Akampiga mstari.
Tukabaki wazima kumi na tisa.
Nilisema tukabaki? Wakabaki.

Humud alirudi Alhamisi, mavumbi hadi kwenye kope,
na mkungu wa ndizi za Salala begani.
Nikala nne nimesimama, sikungoja sahani.
Alikula, akalala, akaamka, akazunguka jikoni,
akalikuta lile dumu la pili, tupu, juu ya kabati.
"Zuri hili! Nalichukua, la maji ya rejeta."
"Chukua. Lakini lisuuze kwanza."
"Kwani lilitiwa nini?"
"Halikutiwa kitu," nikamwambia,
nikamfungulia bomba.
"Lisuuze tu. Mara tatu."